Barua ya wazi kwa watunza historia ya Nairobi: kilabu cha Pumwani kimeenda wapi?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia maonyesho, kumbukumbu na majengo ya kale ya jiji letu,
Nairobi.

KUH: KUACHWA NJE KWA VILABU VYA POMBE VYA WAAFRIKA KATIKA HISTORIA YA MJI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Ofisi yenu siitaji kwa jina, maana sikuja kumwaibisha mtu; wenyewe mnajijua. Nilianza kwa njia iliyo sawa. Niliandika barua, ikapigwa muhuri wa kupokewa. Nilifika mapokezi, nikaelekezwa chumba kingine, na chumba hicho kikanirudisha mapokezi. Kila nilipouliza niliambiwa suala linashughulikiwa. Kushughulikiwa huko sikukuona, ndiyo maana leo nasema mbele ya watu.

Jambo lenyewe ni hili. Katika maonyesho yenu kuhusu Nairobi ya zamani, na katika kijitabu mnachowapa wageni, kuna sura nzima juu ya mahali watu wa mji walipokutana kunywa na kuzungumza. Imeandikwa kwa ufundi, sitawanyima sifa hiyo. Lakini anayeisoma hadi mwisho ataamini kwamba tangu reli ifike hadi bendera ya Mwingereza iteremshwe, aliyekuwa na kiu Nairobi ni mzungu peke yake. Mwafrika ametajwa mara moja tu, pale mnaposema juu ya "ulevi wa wenyeji". Hata afisa wa wilaya wa mwaka 1925 angeitia sahihi sentensi hiyo bila kubadilisha neno.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmesimulia hoteli, mkaruka kilichotokea kwenye veranda.

Sina ugomvi na hoteli. Reli ilifika hapa mwaka 1899, mahali palipokuwa kinamasi na maji ya kunyweshea ng'ombe wa Wamaasai, na kufikia mwaka 1902 Mayence Bent alikuwa amefungua Stanley katika Victoria Street, barabara tunayoiita leo Tom Mboya. Iliungua mwaka 1905, ikahamia kwingine. Norfolk nayo ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, na kwa jinsi walowezi wenye vyeo vya kilodi walivyopenda kukaa pale, ikabandikwa jina la utani la Bunge la Malodi. Yote haya mnayo, pamoja na vituko vya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, na bastola yake, vinavyowachekesha sana wageni.

Sasa naomba mnieleze: risasi za Delamere zimepata nafasi, za tarehe 16 Machi 1922 zikakosa kwa nini? Siku mbili kabla, Harry Thuku alikuwa amekamatwa kwa kuwasemea wafanyakazi juu ya kipande (kitambulisho cha lazima cha kazi), kodi ya kibanda na mishahara iliyokatwa. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu kabisa na Norfolk, ukitaka aachiliwe. Viongozi walipotoka kwenye mazungumzo wakawaambia watu warudi makwao, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wampe suruali zao yeye, kwa kuwa wao wameshindwa kuzivaa. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na wazungu waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao wakafyatua zao. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21. Waafrika waliokuwapo walihesabu zaidi.

Barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo sasa inaitwa Harry Thuku. Mgeni wenu husimama papo hapo na kijitabu mkononi, akisoma orodha ya watu mashuhuri waliolala ndani. Huyu mtu hajaambiwa amesimama wapi.

2. Kilabu cha manispaa hakimo kabisa.

Hapa mtanivumilia nikirefusha, kwa sababu ndipo penye kiini.

Kwa Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika ukanda mpana wa bara hili, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Sheria za huku zikafuata mkondo huo, na bia ya kizungu nayo ikawekwa mbali na Mwafrika. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kampuni ya bia Ruaraka, na kreti zao za kwanza zikapelekwa Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Hadithi hii kila mnywaji wa Kenya anaijua, nanyi mmeitundika kwa herufi kubwa. Mngeongeza mstari mmoja tu: Mwafrika aliyezibeba kreti hizo hakuruhusiwa kununua hata chupa moja, na bia ya chupa haikuhalalishwa kwake hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pombe kali zilisubiri hadi miaka ya 1950.

Alichoruhusiwa ni tembo, yaani pombe ya kienyeji, tena tembo la serikali, mahali pa serikali. Mpango huo haukubuniwa Nairobi. Ulitoka Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1908 koloni la Natal lilitunga sheria iliyoruhusu miji kujitwalia peke yake haki ya kutengeneza na kuwauzia Waafrika pombe ya mtama, na Durban ikaianza kazi hiyo mwaka uliofuata. Faida iliwalipa maafisa na askari waliowasimamia Waafrika, na ikajenga mabweni ya vibarua. Mnywaji alikuwa akinunua pingu zake mwenyewe, kikombe kwa kikombe.

Walowezi wa Nairobi walipoisikia habari hiyo, waliipenda mno. Walihitaji vibarua mjini, lakini hawakutaka hata senti ya kodi zao za viwanja iwahudumie vibarua hao. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili kuwakusanya pamoja Waafrika waliokuwa wametawanyika katika vijiji kama Maskini, Kaburini na Mombasa, manispaa ilijenga humo kilabu chake cha pombe na kujipa ukiritimba. Tembo la nyumbani likawa kosa la jinai mjini. Faida ya kilabu ikawekwa kwenye mfuko wa huduma za Waafrika, na kila walowezi walipoulizwa nani atalipia hili au lile upande wa Majengo, humo humo Pumwani, mfuko ule ulikuwa jibu tayari.

Tazameni basi hali ya kibarua wa wakati huo. Kodi ya kibanda ilikuwa imefika shilingi 16. Waajiri walikuwa wamekata mishahara mwaka 1921 kwa kisingizio cha mdororo wa biashara. Kipande kilining'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kilichobaki mfukoni baada ya hayo yote, manispaa ilikifuata kilabuni. Huwezi kueleza kwa nini umati ule ulikwenda kituo cha polisi bila kueleza pesa za mtu huyu zilivyokuwa zikikamuliwa kila upande. Kilabu cha Pumwani na mauaji ya nje ya Norfolk ni sura moja, Waheshimiwa, si mbili.

Tena msidhani nakitaja kilabu kama mahali pa dhuluma tu. Watu ni watu. Ukiwajengea ukuta wataufanya kiegemeo. Pale ndipo mgeni kutoka Nyanza au Ukambani aliuliza habari za kazi, akamtafuta mtu wa kwao, akasikia nani kafa na nani kaoa, akajifunza Kiswahili cha mji huu kwa kutukanwa na kutukana. Baada ya miaka thelathini siasa ilirudi kwenye glasi: wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1953, Mau Mau waliwakataza Waafrika wa Nairobi kunywa bia ya kizungu, kuvuta sigara na kupanda mabasi. Katika mji huu kunywa au kutokunywa kulikuwa kura, miaka mingi kabla hatujapewa kura yenyewe. Ni jambo la ajabu kwamba maonyesho yenu yana chupa lakini hayana mgomo.

3. Wanawake waliopika pombe wamebaki kwenye daftari la wahalifu.

Manispaa ilipojipa ukiritimba, kuna watu ilikuwa ikiwanyang'anya. Kabla ya kilabu, na muda wote kilipokuwepo, waliowalisha na kuwanywesha vibarua wa Nairobi walikuwa wanawake wa Pangani, kijiji kingine cha Waafrika mjini, na baadaye wa Pumwani. Walikodisha vyumba, wakauza chai na chakula, wakafua, wakapika pombe. Wengi walijijengea au kununua nyumba kwa pesa hizo, na orodha za wenye nyumba wa Pumwani ya mwanzo zimejaa majina ya wanawake kuliko mtu angetarajia.

Kupika busaa si mchezo. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa hadi uchachuke, unakaangwa kwenye bati juu ya moto wa kuni huku ukigeuzwa kwa koleo, kisha unarudishwa majini pamoja na kimea cha wimbi, unangojwa tena, ndipo unachujwa. Muratina nayo ina mambo yake: tunda la mwegea linachemshwa, linakaushwa, ndipo liingie kwenye asali au maji ya miwa. Mwanamke aliyefanya haya ndani ya chumba kimoja, huku akisikiliza viatu vya askari kichochoroni, alikuwa mfanyabiashara mwenye ujuzi. Askari walipofika, mitungi ilipinduliwa, pombe ikatiririka mtaroni, mwenyewe akapelekwa kulipa faini au kufungwa. Kosa lake kubwa lilikuwa kushindana na manispaa na kuishinda, maana wateja waliipenda ya kwake zaidi.

Nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Simtaji ili nimwombee msamaha. Namtaja kwa sababu mwanamke mwenye hoteli amepewa picha kubwa ukutani kwenu, na anastahili, ila wapishi wa pombe hawana hata mstari, ilhali wote walifanya kazi ile ile ya kuwakaribisha wageni wa mji mpya.

4. Kibera haimo.

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa wazee wa Kinubi wanaweza kulisema vizuri kunishinda. Mababu zao, askari wa Kisudani wa King's African Rifles (jeshi la kikoloni la Mwingereza), walipewa ardhi pale kama makazi baada ya utumishi, na pombe kali iliyopikwa huko ilijulikana na kunyweka mji mzima, wakiwemo watu ambao sheria ilisema wasiijue. Historia ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ya Nairobi haielezeki bila Kibera.

5. Mahali panapotea, na karatasi hazionekani.

Pangani ya kale ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wakahamishwa, wengine wakapelekwa Shauri Moyo. Maskini na Kaburini yamebaki majina midomoni mwa wazee. Huko Majengo nyumba za udongo na mabati zinaondoka moja moja, magorofa yanapanda, na mwenye kiwanja hana sababu ya kujali kilichokuwa pale ikiwa nyinyi wenyewe hamjali. Nilipoomba kuona hesabu za kilabu cha manispaa na daftari za kesi za upikaji pombe, niliambiwa leo hazijapangwa, siku nyingine kwamba mhusika yuko likizo. Kufa kwa mzee kunafahamika. Karatasi iliyo kabatini ikikosa kuonekana, kuna mtu mwenye ufunguo.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu nyingine nimeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema Majengo ni mtaa wenye misikiti na familia za Kiislamu, na kwamba kibao kuhusu pombe kitawaudhi. Mimi ni mtoto wa mtaa huo, najua adabu yake. Lakini Fort Jesus ya Mombasa iligeuzwa gereza na Waingereza mwaka 1895, ikabaki gereza hadi mwaka 1958, na leo ni makumbusho. Sijasikia mtu akidai kwamba tunasifu jela. Tena manispaa haikuwauliza Waislamu wa Pumwani ruhusa ilipokuwa ikijenga kilabu katikati yao. Hilo nalo ni la kuandikwa, na wao wana haki ya kulisimulia.

Mtasema pombe haramu imeua watu, na huu si wakati wake. Ni kweli imeua. Mwaka 2000 pombe iitwayo kumi kumi iliwaua zaidi ya watu 100 katika mtaa wa Mukuru na mitaa ya jirani, na msiba ule hatujausahau. Ila tulifikaje hapo? Mkoloni aliifanya pombe ya nyumbani kuwa jinai, tukapata uhuru tukaendelea na desturi hiyo hiyo, Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa mwaka 1980, na haikufutwa hadi sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010. Kinachopikwa gizani hakikaguliwi na mtu. Anayetaka kuzuia vifo aanze kwa kujua giza hilo liliwekwa na nani na kwa faida ya nani.

Mtasema majengo yenyewe hayapo tena, kwa hiyo hakuna cha kuonyesha. Stanley ya kwanza haipo pia, iliungua zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mmeipa ukurasa mzima.

Mtasema bajeti. Mbao mbili, kinasa sauti na kijana mmoja aliyesomea historia havifiki gharama ya uzinduzi mmoja wenye hema na vitafunio.

Na mtasema watalii hawaji kutazama mambo ya vilabu vya pombe. Durban ilifikiri vingine. Wanawake wa mkoa ule walishambulia vilabu vya pombe vya manispaa mwaka 1929, na mwaka 1959 wa Cato Manor wakafanya vivyo hivyo, wakilalamika kwamba mji unakunywa mishahara ya waume zao huku ukiwakamata wao kwa kupika. Leo jumba lililokuwa ofisi ya kusimamia Waafrika mjini humo, ambapo watu walipanga foleni kuomba vibali, ni Makumbusho ya KwaMuhle, na ndani yake mfumo huu wa pombe umeelezwa bila kificho. Wao ndio waliotuuzia mpango. Wameweza kuutazama usoni. Sisi tulionakili tunaona haya gani?

Ninachoomba ni haya:

(a) Sura ya kijitabu na ya maonyesho irekebishwe, kilabu cha manispaa cha Pumwani, wapishi wa Pangani na Pumwani, na Wanubi wa Kibera wapate nafasi yao, na ile sentensi ya "ulevi wa wenyeji" iondolewe.

(b) Uwekwe ubao wa kumbukumbu kando ya barabara ya Harry Thuku, kwenye ardhi ya umma, wenye tarehe 16 Machi 1922 na jina la Mary Muthoni Nyanjiru, na mwingine Pumwani utakaoeleza kilabu kilikuwa nini na pesa zake zilikwenda wapi. Maandishi yawe kwa Kiswahili kwanza.

(c) Wazee wa Majengo, Shauri Moyo na Kibera warekodiwe sauti zao mwaka huu, kwa idhini yao na kwa lugha wanayoitaka, na nakala zibaki mtaani. Wanawake wahojiwe na wanawake. Mtu asipange foleni ya kuwahoji wanaume wanywaji akadhani amemaliza kazi.

(d) Hesabu za kilabu, mihutasari ya vikao vya manispaa na daftari za kesi za pombe ziorodheshwe, na orodha hiyo iwekwe wazi. Hili siombi kama hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki hiyo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kunijibu. Nimeambatisha ombi rasmi pamoja na nakala ya barua hii iliyoletwa ofisini kwenu kwa mkono.

(e) Maandishi mapya yasomwe na kamati yenye wakazi wa mitaa husika kabla hayajachapishwa. Hatudai posho ya kikao.

Iwapo kuna kosa katika niliyoyasema juu ya kijitabu chenu, nionyesheni ukurasa nami nitalitangaza papo hapa nilipoandika haya. Na iwapo jibu ni hapana, naomba hapana hiyo iandikwe, itiwe sahihi na itoe sababu, kwa kuwa hiyo ndiyo nitakayopeleka kwenye hatua inayofuata kisheria. Jibu lolote mtakalotoa litabandikwa ukutani karibu na soko la Majengo, ambako watu wengi wameshaniuliza limefika au bado.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Majengo, Pumwani

Nakala kwa:
Mwakilishi wetu katika Bunge la Kaunti
Mbunge wetu
Wazee wa mtaa wa Majengo
Baraza la wazee wa Kinubi, Kibera